Goti la Cibalonza

Lori la kwenda Nyangezi lilisimama mbele ya ua, dereva akapiga honi, na Cibalonza akatangaza kwamba hapandi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ua, mguu wa kulia umenyooka mbele yake mkavu kama ubao. Furushi la nguo zake lilikuwa limekwisha kufungwa na mkwewe, Georgette, na mkeka umekunjwa juu yake. Mwanawe, Léopold, alisimama na shati lake jeupe, maana saa moja na nusu alitakiwa awe mezani pake katika kampuni ya usafirishaji alikofanya kazi ya ukarani. Alitazama lori, akatazama tope, akatazama nyua za majirani wa mtaa wao wa Kadutu, mjini Bukavu, ambako vichwa vilikwisha kuanza kuchungulia.

"Maman, hii mambo tuliimaliza jana," alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe ndiye uliimaliza. Mimi nilikuwa nakusikiliza tu."

"Kule kijijini kwa tonton, ndugu yako, iko nafasi. Batakupikia, batakuogesha, utakaa muzuri."

"Nitakaa mupaka lini?"

Léopold alipangusa tone la mvua kwenye paji la uso.

"Unaona?" Cibalonza alisema. "Jibu unalijua. Na mimi ninalijua. Umuambie dereva aende."

Dereva alikuwa na abiria na magunia ya watu, hakuwa na asubuhi nzima ya kupoteza. Aliruka chini, akaingia uani, akainama akamshika mama kwapani ili amwinue. Cibalonza alimpiga kofi la mkononi hadi Georgette akashtuka.

"Niache! Mimi si gunia ya muhogo!"

Majirani waliangua kicheko. Dereva naye alicheka, akapanda lori lake, akashuka na mteremko. Léopold aliondoka kwenda kazini bila kumuaga mtu. Kicheko kile kilimfuata mpaka kwenye barabara kubwa, na alihisi kwamba aliyechekwa ni yeye, si dereva.

Kiangazi kilichopita Cibalonza alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa soko la Nyawera, mzigo wa maharagwe mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao Bushi wanavyobeba. Mfupa wa paja ulivunjika juu kidogo ya goti. Hospitalini walimtia plasta, akalala nayo wiki nyingi, na ilipokatwa akauona mguu wake mwembamba kama wa mtoto, goti likiwa limegoma kabisa kukunjika. Daktari aliupapasa mfupa, akasema umeunga vizuri, arudi nyumbani.

"Na kutembea?" Cibalonza alikuwa ameuliza.

"Mama wa umri wako," daktari alisema, "unapumzika sasa."

Lakini katika siku zile za hospitali alikuwa ameona jambo. Ng'ambo ya baraza la wodi yao kulikuwa na chumba kikubwa chenye vyuma ukutani na kamba zilizopita kwenye magurudumu madogo. Humo waliletwa vijana wa machimbo ya dhahabu ya Mwenga, waliovunjwa na mawe miguu na migongo. Waliingia wakiwa wamebebwa. Walifungiwa vifuko vya mchanga kwenye vifundo vya miguu, wakaambiwa wainue, washushe, wainue tena, huku wakihesabu kwa Kifaransa na kutukana kwa lugha za kwao. Baada ya muda walitoka kwa miguu yao.

Cibalonza alimsimamisha muuguzi wa chumba kile, kijana mpole aliyeitwa Donatien.

"Mwanangu, na mimi unifungie ile mufuko."

"Maman, haiwezekani. Hii chumba ni ya batu ba kazi. Kampuni inabaleta, tunabatengeneza, banarudi kwa kazi."

"Na mimi nilipoanguka nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nalala?"

Donatien alikuna kichwa. Alisema amri si yake. Tangu siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, Cibalonza aliomba apelekwe barazani akaote jua. Aliketi akitazama mlango wa chumba kile moja kwa moja. Donatien alimwona, na mlango hakuufunga. Cibalonza aligundua pia kwamba kijana huyo, alipowaelekeza wachimbaji, alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Polepole! Kwanza kaza paja, kisha ndipo uinue! Ikiuma kidogo, endelea. Ikichoma kama kisu, acha!"

Hayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Maumivu hayakuwa jambo lililomkera zaidi. Kilichomkera ni choo. Choo kilikuwa mwisho wa ua, na ili afike alilazimika kushikwa kiunoni na Georgette, mke wa mwanawe, tena asubuhi, mchana na jioni. Mkwe kumshika mama mkwe namna ile, wote wawili waliona haya hadi wakaacha kutazamana usoni. Georgette alikuwa mpole, lakini upole wake ulimuuma mzee kuliko matusi.

Kwa hiyo lori lilipokwisha ondoka, Cibalonza alimwita.

"Mukamwana, unipatie ule mufuko wa chumvi ulioisha. Jaza muchanga, ushone mudomo."

"Ya nini, Maman?"

"Ya kukupumzisha wewe na mimi."

Georgette alishona. Cibalonza alijifungia mfuko kwenye kifundo, akakaza paja kama alivyosikia, akavuta pumzi, akainua. Mguu ulipanda kidogo sana, ukatetemeka, ukaanguka. Jasho lilimtoka. Akainua tena. Watoto wa jirani walikuja kwenye ua wa matete kutazama bibi anayepiga mateke hewani, wakamwigiza, wakacheka mpaka wakaketi chini. Yeye hakugeuza kichwa.

Kisha likaja goti lenyewe. Alikaa kwenye kiti, akapitisha kitambaa chini ya wayo, akavuta mguu nyuma mpaka machozi yakamtoka. Georgette alimwomba aache. Alipokataa, mkwe alipiga magoti mbele yake, akaushika ule mguu kwa mikono miwili, akauliza, "Nisukume wapi?"

Siku moja katika mvua kubwa, Georgette alirudi kutoka bombani na ndoo ya maji, akakuta kiti kitupu. Alimwona mama mkwe akitoka chooni, fimbo mkono mmoja, mwingine umeshika matete ya ua, kanga imelowa chepechepe, akichechemea peke yake. Georgette alienda kuwasha moto, na Cibalonza akamsikia huko jikoni akiimba.

Wa kwanza kuja alikuwa Apolline, mjane wa nyumba ya pili, ambaye bega lake lilikuwa limeganda hata kufunga kitambaa kichwani hakuweza. Alijifanya amekuja kuomba moto.

"Nasikia unatengeneza muguu," alisema. "Bega je?"

"Bega sikuona muzuri. Lakini kulikuwa mumoja alikuwa natambalisha vidole kwa ukuta, kila siku anapita alama ya jana."

Apolline alitambalisha vidole ukutani. Kesho yake alimleta Eulalie, ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kwa miaka ya kubeba udongo wa matofali. Eulalie aliwaleta wengine. Kila asubuhi, waume na wana wakiisha kwenda kazini, uani kwa Léopold walijaa wanawake wenye mvi, wakiinua miguu, wakizungusha mabega, wakijinyoosha migongo kwenye ukuta wa matofali. Walicheka sana. Walisimuliana habari za magonjwa, za wakwe, za bei ya mafuta ya mawese. Na kwa kuwa Cibalonza aliwasikia wachimbaji wakihesabu kwa Kifaransa, nao walihesabu hivyo, wote kwa pamoja, kwa sauti iliyofika mbali kwenye mteremko:

"En! De! Twa! Katre!"

Sauti hizo ndizo zilizoleta balaa.

Mwaka mpya wa 1959 ulianza vibaya kwa Wabelgiji wenye madaraka. Habari zilifika kutoka Léopoldville, mji mkuu, kwamba watu wameingia barabarani, maduka yamechomwa, askari wamepiga risasi. Huku Bukavu Wazungu walianza kutembea wakigeuka nyuma. Katika cité, mitaa ya Waafrika, kulitangazwa amri: watu zaidi ya watano wasikusanyike mahali pamoja bila ruhusa.

Léopold aliitwa na patron wake, Mzungu mwenye kampuni, kabla ya mchana. Hakukaribishwa kiti. Patron aliendelea kusoma karatasi zake kwa muda, kisha akamuuliza, bila kuinua macho, ni jeshi gani linalofundishwa gwaride uani kwake. Léopold alidhani ni mzaha, akatabasamu. Ndipo patron alipoinua macho.

"Unacheka?"

"Hapana, bwana. Ni mama yangu. Ana goti."

Makarani wenzake mlangoni walisikia. Mmoja alikohoa kuzuia kicheko. Hadi jioni, kila Léopold alipopita kati ya meza, mtu alinong'ona "En! De!" na viatu vikagonga sakafu.

Alifika nyumbani amevimba kwa hasira. Hakumsalimu mtu. Alikusanya vifuko vyote vya mchanga vilivyopangwa kandokando ya ukuta, akavipasua kimoja kimoja kwa kisu cha jikoni, mchanga wote akaumwaga barabarani. Georgette alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo. Cibalonza alitazama mpaka kifuko cha mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Na bale bamama basirudi hapa. Unajua banasema nini kwa biro, kule kazini? Banasema niko nalea bamuasi! Batanifukuza kazi. Batatutoa kwa nyumba. Unataka batoto balale wapi?"

"Wewe unaona ni uasi?"

"Mimi si kitu, Maman! Si mimi banauliza! Hii nyumba ni yangu, na nimesema."

"Nyumba ni yako," Cibalonza alisema. "Muguu ni yangu."

Léopold aliingia chumbani akabamiza mlango. Mama yake alibaki uani, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka sokoni, aliogopa. Patron hakumtisha. Alichokiona ni kwamba mwanawe alikuwa na hofu kubwa kiasi kile, na alikuwa amekaa nayo siku zote chini ya shati lililopigwa pasi, na yeye mama yake hakuiona. Alitaka kugonga mlango amwambie neno. Aliufikia mlango, akageuka. Akaenda kumwomba Georgette mifuko mingine.

Asubuhi alikuja polisi na mwito. Cibalonza alitakiwa ofisini kwa shefu, chifu wa cité, na mwanawe aje naye.

Ofisi ilikuwa juu ya kilima, na njia ya kwenda huko ilikuwa mteremko mtupu wa tope jekundu. Léopold alisema atatafuta watu wa kumbeba kwenye kiti. Cibalonza alishika fimbo yake akaanza kupanda. Alipopita kwa Apolline, Apolline alitoka. Alipopita kwa Eulalie, Eulalie alitoka. Mbele zaidi walitoka wengine, hakuna aliyeitwa. Polisi aliwaambia warudi, wakamjibu kwamba njia ni ya wote na kila mtu anaenda kwake. Walipanda polepole, wakisimama kupumua, na yeyote aliyesimama, wengine walimngoja. Léopold alitembea pembeni akiwa amekunja uso, akitamani ardhi immeze. Lakini alikuwa hajawahi kuuona mguu ule ukifanya kazi. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, akimkuta mama ameketi. Sasa aliliona lile goti likikunjika, likinyooka, likikunjika tena, hatua kwa hatua, kilima kizima, na akashindwa kuondoa macho.

Ndani walimkuta shefu, Constantin, mtu mnene aliyemjua Cibalonza tangu zamani na ambaye siku hiyo alijifanya hamjui. Karibu naye aliketi ajenti wa serikali, Mzungu kijana aliyefika majuzi kutoka kwao, asiyejua Kiswahili. Alimwashiria Léopold atafsiri.

"Anauliza nani alikufundisha mazoezi ya basoda ba jeshi."

"Umuambie si ya basoda. Ni ya magoti na migongo."

Léopold alitafsiri. Ajenti alisema kitu, akacheka mwenyewe, akamtazama Constantin, naye Constantin akacheka pia.

"Anasema nini?"

Léopold alisita. "Anasema... bibi wa umri wako, kazi yake ni kukaa."

Cibalonza alikuwa amepewa benchi, akakataa. Aliegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

"Umuambie hivi. Hii barabara iko napitisha motokari yake, mawe yake mimi niliyabeba kwa mugongo, nikiwa na mimba yako wewe. Apolline alibeba mbao ya nyumba zabo. Eulalie alibeba matofali mupaka akakunjika. Hakuna siku moja mutu alituambia tukae. Wakati tulikuwa na nguvu, kukaa ilikuwa uvivu. Sasa nguvu imeisha, kutembea ni uasi. Umuambie mwanaume wa machimbo akivunjika, banamupatia chumba na vyuma, sababu atarudi kubachimbia dhahabu. Sisi hatukuomba chumba. Tumejitengeneza sisi benyewe, uani kwetu. Hatutakaa. Umuambie hatutakaa."

Léopold alimgeukia ajenti, akasema maneno machache ya Kifaransa kwa adabu.

Cibalonza alimtazama.

"Mimi nilisema mengi. Wewe umesema kidogo."

"Maman, tafazali."

"Umesema nini?"

"Nimesema... ni kwa ajili ya afya."

"Léopold." Hakupaza sauti. "Sema yote. Ama utoke, nitafute mwenye mudomo."

Constantin alikuwa anatazama dari. Nje, wanawake walikuwa wameegemea dirisha, na Léopold aliwaona wote wakimtazama, kina mama waliomtuma dukani akiwa mdogo. Akaanza na barabara. Sauti yake ilitetemeka kwenye mawe, ikatetemeka kwenye mimba, maana mimba ile ilikuwa yeye. Alipofika kwa Eulalie na matofali haikutetemeka tena. Alisema Kifaransa chake kizuri cha shule ya mapadri, kile alichozoea kuandikia barua za wengine, na hakuacha neno. La mwisho alilisema mara mbili, kama mama yake alivyolisema mara mbili.

Shingo ya ajenti ilikuwa imeiva nyekundu. Aliongea haraka, akigonga meza kwa kidole.

"Anasema amri ni amri. Wakipatikana zaidi ya watano, wewe utalala jela na mimi nitatoka kwa nyumba."

"Watano," Cibalonza alisema.

"Watano."

"Umuulize, watano kwa ua mumoja, ama kwa cité muzima?"

Léopold alimtazama mama yake. Kisha akauliza, na ajenti, aliyekwisha simama kuchukua kofia yake, akajibu bila kufikiri.

"Kwa ua mumoja," Léopold alisema.

"Umuambie tumesikia."

Walipokuwa wanateremka, Cibalonza alimuuliza Apolline kama uani kwake kuna ukuta mzuri. Upo. Akamuuliza Eulalie. Ukuta hakuna, lakini kuna mti wa parachichi wa kushikia. Mwingine nyuma akasema kwake kuna nafasi, mume wake akinuna atanuna. Kabla hawajafika chini walikuwa wamekwisha gawana, watano watano kila ua.

Asubuhi iliyofuata "En! De!" ilisikika kutoka kwa Cibalonza, ikaitikiwa kutoka kwa Apolline, ikaenda mpaka kwa Eulalie na nyumba za chini ambazo jana hazikuwamo. Polisi alizunguka nyua zote akihesabu vichwa kwa kidole. Kila ua alihesabu watano. Katika ua mmoja alihesabu wanne, na mama mwenye ua akamuuliza kama yeye mwenyewe hana mahali panapomuuma.

Gharama ililipwa na Léopold. Patron alikuwa amesikia kila neno lililosemwa ofisini, na jioni ya pili Léopold alirudi amejaa vumbi jeupe la unga mpaka kwenye nyusi. Meza alikuwa amenyang'anywa. Kuanzia sasa kazi yake ni ghalani, kwenye magunia, na mshahara wa watu wa ghalani.

Alikaa kwenye kizingiti. Georgette alimletea maji ya kunawa, akaketi karibu yake. Cibalonza alikuja akachechemea mpaka pale, akasimama.

"Bamekuumiza," alisema.

"Bameniumiza."

"Kwa sababu yangu."

Léopold alinawa uso, maji yakawa meupe.

"Kwa sababu ya mudomo yangu," alisema. "Wewe uliniambia, lakini mudomo ni yangu."

Mama yake aliketi kizingitini. Ilimchukua muda, goti likakataa kidogo, likakubali. Wakakaa watatu, wakila maharagwe kutoka sahani moja.

Kulipopambazuka, wanawake watano, Cibalonza akiwamo, walikuwa wamesimama tayari uani. Léopold alitoka amevaa nguo za ghalani, akinyoosha mgongo kwa shida. Siku moja tu ya magunia ilikuwa imemkaza kiuno. Alitazama wanavyoinua, wanavyoshusha.

"Maman, na kiuno je?"

"Kiuno iko dawa yake. Lakini hapa tuko batano tayari. Ukiingia, unatutia wote jela."

Léopold aliwahesabu. Kweli walikuwa watano. Barabarani watu walikuwa wameanza kupita kwenda kazini, na kati yao wenzake wawili wa ofisini, wenye mashati yao meupe. Polisi naye alikuwa anapanda mteremko.

Léopold alifungua mlango wa ua, akatoka nje. Alisimama barabarani, peke yake, ng'ambo ya matete, akauelekezea uso ua wa mama yake. Akashika matete kwa mkono mmoja. Akainua mguu.

Wale makarani wawili walisimama. Polisi akasimama. Alitazama uani akahesabu watano. Alitazama barabarani akahesabu mmoja.

"Si hivyo!" Cibalonza alipaza sauti kutoka ndani. "Kaza paja kwanza, ndipo uinue!"

Léopold alikaza, akainua tena, juu zaidi, na kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba za chini akaanza kuhesabu.